Uigizaji Mzito, Filamu Nyepesi

Siku chache kabla mwaka 2006 haujaisha, kampuni ya Weinstein iliiwahisha Factory Girl kwenye kumbi za sinema ili iingie kwenye kinyang'anyiro cha Oscar. Filamu ilikuwa bado mbichi. Mwongozaji wake, George Hickenlooper, alikuwa akiikata na kuiunga upya karibu mpaka dakika ya mwisho, na mawakili wa Bob Dylan walikuwa wameshaandika barua kutaka isionyeshwe. Wahakiki wengi walitoka ukumbini na hukumu ya pande mbili: filamu imeyumba, ila Sienna Miller aliyemwigiza Edie Sedgwick na Guy Pearce aliyemwigiza msanii Andy Warhol wameifanya kazi yao sawasawa.

Hukumu ya namna hiyo si ngeni kwa anayefuatilia filamu za maisha ya wasanii. Kila mara anapochukuliwa mtu aliyekuwa ilhamu ya mchoraji au mchongaji, awe mpenzi, mke au mwanamitindo, mwigizaji hupanda na filamu hushuka. Jambo hilo limejirudia mno, katika nchi tofauti na mikononi mwa waongozaji wasiofanana kwa lolote, hata haliwezi kuitwa ajali. Liko kwenye namna filamu hizi zinavyosukwa.

Edie Sedgwick alizaliwa Santa Barbara, California, mwaka 1943, katika ukoo mzito wa Massachusetts; mmoja wa mababu zake, Theodore Sedgwick, aliwahi kuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la Marekani. Fedha zilikuwapo, utulivu haukuwapo. Kabla hajatimiza miaka 22 alikuwa ameshalazwa kwenye hospitali za magonjwa ya akili na ameshafiwa na kaka wawili, mmoja aliyejinyonga mwaka 1964 na mwingine aliyekufa mwanzoni mwa 1965 baada ya ajali ya pikipiki. Alikuwa amejifunza uchongaji mjini Cambridge, kisha akahamia New York. Mapema mwaka 1965 akakutana na Warhol, na muda si muda akawa mtu wa kila siku kwenye studio yake ya Mtaa wa 47 Mashariki, ile iliyoitwa Factory, ambayo kuta zake zilikuwa zimefunikwa karatasi za foili na rangi ya fedha. Edie akakata nywele na kuzipaka fedha zifanane na za mwenyeji wake. Agosti mwaka huohuo jarida la Vogue likamtangaza kuwa mmoja wa vijana wa kizazi kipya. Oktoba, kwenye ufunguzi wa maonyesho ya Warhol mjini Philadelphia, umati ulifurika hadi picha zikateremshwa ukutani zisije zikaharibiwa. Watu hawakujali. Walikuwa wamekuja kumwona Andy na Edie.

Mwaka uliofuata urafiki ule ulikuwa umekwisha. Novemba 1971 Edie alifariki akiwa na miaka 28, baada ya dawa za usingizi kumzidi mwilini. Kilemba alichovishwa kilikuwa cha ukoka.

Mwongozaji gani asingetamani habari kama hiyo? Lakini Factory Girl inaibana yote ndani ya saa moja na nusu, na inaibana kwa njia rahisi kuliko zote: inatafuta mkosaji. Edie anaonekana hospitalini mwaka 1970, ametulia, anahojiwa, na kila jibu lake linafungua kumbukumbu. Kwa hiyo mtazamaji anapewa mgonjwa kwanza, kisha anapewa chanzo cha ugonjwa. Wakosaji ni watatu. Wa kwanza ni baba, ambaye filamu inambebesha tuhuma nzito. Wa pili ni Warhol, aliyempokea kwa mikono miwili na kumwacha bila senti. Wa tatu ni mwanamuziki mmoja mwenye kinanda cha mdomo na pikipiki, aliyeigizwa na Hayden Christensen, ambaye filamu haithubutu kumtaja kwa jina lake halisi. Kila mtazamaji anajua ni nani anayelengwa, na mawakili wa Dylan nao walijua. Malalamiko yao yalikuwa kwamba filamu inamfanya mteja wao aonekane chanzo cha kuangamia kwa Edie. Matokeo yake ni mhusika asiye na jina halisi wala nyimbo, anayetamka maneno ya busara kana kwamba kila sentensi inachongwa kwenye jiwe. Hapo ndipo filamu inapopasuka. Warhol amepewa udhaifu, woga, wivu na ucheshi. Mshindani wake amepewa koti na kofia.

Miller anafanya nini katikati ya haya? Jambo la kwanza ni sauti. Amemjengea Edie sauti ya chini yenye mikwaruzo ya sigara, inayopanda ghafla na kuvunjika kuwa kicheko. Kicheko hicho ndicho zana yake kuu. Hukitanguliza kabla mtu hajauliza chochote, kama mwenye deni anayemkimbilia mdai kwa bashasha ili swali la fedha lisipate nafasi. Kadiri dawa zinavyomwingia, kicheko hakipungui. Kinachopungua ni muda kati ya kicheko na uso kuzimika. Skripti haikumpa maneno ya kueleza kuporomoka huko. Inamrukisha kutoka karamu hadi karamu, na anayebaki na kazi ya kuunganisha karamu hizo ni yeye, kwa mabega, kwa namna anavyokalia ukingo wa kiti, kwa macho yanayomtafuta Warhol chumbani kabla hayajamtafuta mtu mwingine. Pearce anamjibu kwa kufanya kidogo sana. Warhol wake hapandishi sauti, hamgusi mtu, na anapoumizwa anageuka kutazama kitu kingine. Walipo wawili hawa peke yao, filamu inakuwa na pumzi. Akiingia mtu wa tatu, inarudi kuwa maelezo.

Ipo mizani nyingine ya kuipimia kazi ya Miller, nayo ni Edie mwenyewe, kwa kuwa Warhol alimpiga filamu nyingi. Katika zile picha fupi za sura zilizoitwa Screen Tests, mtu aliketishwa mbele ya kamera isiyosogea mpaka mkanda uishe, kisha filamu ikaonyeshwa kwa mwendo wa polepole kuliko ule uliopigiwa, ikachukua kama dakika nne bila sauti. Katika Beauty No. 2 ya mwaka 1965, Edie yuko kitandani na kijana mmoja, na sauti ya Chuck Wein, asiyeonekana, inamchokoza na kumhoji kwa zaidi ya saa nzima. Katika Outer and Inner Space anakaa kando ya televisheni inayoonyesha mkanda wake mwenyewe, anazungumza huku sauti yake nyingine ikimsemesha sikioni, na unamwona waziwazi akikereka. Filamu hizo zinachosha; hakuna haja ya kujidai vinginevyo. Lakini zina kitu ambacho Factory Girl haina hata chembe, nacho ni muda. Zinamwacha Edie awe mcheshi, aboreke, akasirike, awashe sigara nyingine. Hakuna anayekimbilia kueleza kwa nini.

Hapa ndipo udhaifu wa jumla wa filamu hizi unapoonekana. Nyingi zinafuata kalenda ya msanii. Mwanamke anaanza kuishi siku anayovuka mlango wa studio, na anaanza kufa siku anayotoka. Yaliyotangulia ni kidokezo, yatakayofuata ni maandishi meupe kwenye skrini nyeusi kabla ya majina ya wahusika. Kati ya milango hiyo miwili kazi yake ni kutazamwa. Msanii anatenda: anachora, anachonga, anachagua, anaacha. Yeye anapokea. Na kwa mwigizaji mwenye uwezo, kupokea ni karamu. Asiye na kitendo hubakiwa na uso na mwili, na kamera hupenda uso unaopigana kuficha jambo. Kwa hiyo ubora wa uigizaji na unyonge wa filamu vinatoka tumbo moja: skripti imeacha shimo, mwigizaji amelijaza.

Hata tuzo zimejifunza kuupokea mpango huo. Marcia Gay Harden alipata Oscar kwa kumwigiza mchoraji Lee Krasner, mke wa Jackson Pollock, katika Pollock ya mwaka 2000. Alicia Vikander naye alipata kwa The Danish Girl ya mwaka 2015, akiwa Gerda Wegener, mchoraji ambaye mumewe ndiye aliyekuwa akimkalia pozi. Wote wawili walizawadiwa kama waigizaji wasaidizi. Kwa Harden mtu anaweza kuelewa. Kwa Vikander, aliyeonekana kwenye skrini karibu mwanzo hadi mwisho, watu wengi walihoji, na walikuwa na haki ya kuhoji.

Camille Claudel ya mwaka 1988 ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini zaidi. Isabelle Adjani hakuigiza tu. Alikuwa miongoni mwa watayarishaji, na uongozaji akamkabidhi Bruno Nuytten, mpigapicha mashuhuri ambaye hakuwa amewahi kuongoza filamu. Inaanza usiku wa baridi jijini Paris. Msichana yuko ndani ya mtaro wa ujenzi, magotini, anakwangua udongo kwa mikono mitupu na kuushindilia ndani ya sanduku la safari. Hakuna maneno. Kabla mchongaji Auguste Rodin hajatokea, kabla hatujajua jina la msichana, tumeshajua kwamba huyu ana kazi na yuko tayari kuiba kwa ajili ya kazi hiyo. Sehemu ya kwanza ya filamu inaishi kwa nguvu ya mtaro ule. Adjani anaukanda udongo kama mtu mwenye njaa, na Gérard Depardieu, Rodin mnene mwenye haraka, anaonekana kuogopa kidogo anapoutazama uso wa mwanafunzi wake ukiinama juu ya kazi.

Kisha filamu inasahau kazi na kukumbatia mapenzi. Camille Claudel halisi, aliyezaliwa mwaka 1864, alichonga Sakountala, La Valse, Les Causeuses na L'Âge mûr, kazi zinazokaa leo kwenye makumbusho makubwa ya Ufaransa, na mji wa Nogent-sur-Seine ulifungua makumbusho yenye jina lake mwaka 2017. Katika filamu, L'Âge mûr inageuka kuwa barua ya kuachwa: mzee anayevutwa na bikizee, binti aliyepiga magoti akinyoosha mikono. Ni kweli kwamba wengi wameisoma hivyo, na Rodin hakuwahi kumwacha Rose Beuret, mwenzi wake wa miaka mingi. Lakini mchongaji anayepanga miili mitatu ya shaba iegemee upande mmoja bila kuanguka anashughulika na mambo mengine pia, na hayo filamu haina subira nayo. Inapofika kwenye maonyesho ya mwisho ya Camille kwa mfanyabiashara wa sanaa Eugène Blot, Adjani anaingia amevaa kupita kiasi, uso umepakwa rangi hadi umekuwa kinyago, anacheka mahali pasipo na kichekesho. Ni uigizaji wa kutisha, na ni mahali pale pale ambapo mtazamaji anaanza kuhisi kwamba muziki umeongezwa sauti ili alie. Filamu inakwenda karibu saa tatu, na saa ya mwisho ni mteremko mtupu. Adjani alipata César, Dubu wa Fedha wa Berlin na uteuzi wa Oscar. Alistahili.

Zipo sababu nyingine za kuyumba, na hazihusu skripti hata kidogo. Zinahusu warithi. James Ivory alipotengeneza Surviving Picasso mwaka 1996, wasimamizi wa mirathi ya Picasso walimnyima ruhusa ya kuonyesha kazi zake. Filamu kuhusu mchoraji mkubwa kuliko wote wa karne ya 20 ikalazimika kutumia picha za kuigiza mtindo wake. Anthony Hopkins anajaza pengo kwa mbwembwe, mahiri na wakati mwingine mno. Natascha McElhone ni Françoise Gilot, aliyekutana na Picasso mwaka 1943 akiwa na miaka 21 na Picasso 61, akamzalia Claude na Paloma, na akamwacha mwaka 1953 kwa miguu yake mwenyewe. Gilot aliandika kitabu kuhusu maisha hayo mwaka 1964. Picasso alikwenda mahakamani kutaka kukizuia, akashindwa. Lakini filamu ilijengwa juu ya kitabu cha mtu mwingine, Arianna Huffington. McElhone ana utulivu wa mtu anayehesabu siku, na utulivu huo ni sahihi kabisa kwa mwanamke aliyekuja kuishi mpaka Juni 2023, akafikisha miaka 101, akichora kwa muda mrefu wa uhai wake. Ila skripti inataka kujua alivyonusurika, haitaki kujua alivyochora. Julianne Moore, kwenye dakika chache za Dora Maar, anafanya kwa macho kile ambacho filamu nzima inazungukazunguka. Dora alikuwa mpigapicha. Ndiye aliyeipiga picha Guernica hatua kwa hatua ilipokuwa ikichorwa mwaka 1937. Humu ni mpenzi aliyeachwa.

Zuio lilelile lilimkuta John Maybury katika Love Is the Devil ya mwaka 1998, kuhusu mchoraji Francis Bacon na mpenzi wake George Dyer, na yeye likamsaidia. Bila ruhusa ya kuonyesha hata turubai moja, alipiga picha kupitia glasi, vioo na chupa hadi nyuso za waigizaji zikapindika kama za Bacon. Derek Jacobi ni Bacon mwenye ulimi wa wembe. Dyer ni Daniel Craig, miaka minane kabla hajawa James Bond. Filamu inachukua ile hadithi ya kijiweni kwamba Dyer aliingia maishani mwa mchoraji kwa kudondoka kupitia paa akienda kuiba. Bacon mwenyewe alisema walikutana baa. Craig hamfanyi Dyer kuwa mjinga wala mtakatifu. Anamfanya mtu mwenye kutunza suti yake, anayenawa mikono mno, na anayegundua taratibu kwamba sura yake iko ukutani kwa matajiri huku yeye hana la kusema mezani kwao. Dyer alijiua kwenye hoteli jijini Paris Oktoba 1971, siku mbili kabla ya ufunguzi wa maonyesho makubwa ya Bacon kwenye Grand Palais. Filamu nayo haikosi kasoro, inajipenda sana, lakini huyu ni mwanamume anayekalia kiti ambacho kwa kawaida hukaliwa na mwanamke, na ukimtazama unaona jinsi kiti chenyewe kinavyouma.

Renoir ya Gilles Bourdos, ya mwaka 2012, ni nzuri kwa macho na tupu kwa mengine. Mikono inayochora ni ya Guy Ribes, aliyewahi kuhukumiwa kwa kughushi picha za mabingwa, na nuru ya kusini mwa Ufaransa imepigwa kwa ustadi mkubwa. Christa Théret anamwigiza Andrée Heuschling, anayefika nyumbani kwa mzee Renoir huko Cagnes-sur-Mer mwaka 1915 kukaa pozi, na anamchezesha akiwa mwenye ulimi mkali, asiyependa kuitwa kijakazi. Andrée aliolewa na Jean, mtoto wa mchoraji, mwaka 1920, akabadilisha jina kuwa Catherine Hessling na kuwa nyota wa filamu zake za kwanza zisizo na sauti, ikiwemo Nana ya mwaka 1926. Inawezekana kabisa kwamba Jean Renoir asingegeuka mwongozaji bila yeye. Filamu inaisha kabla ya hayo yote. Inamwacha akiwa mwili kwenye kochi, mlangoni mwa maisha ambayo yangekuwa na filamu yake.

Jacques Rivette alikwishaonyesha mwaka 1991 kwamba kukaa pozi kunaweza kuigizwa kama kazi. La Belle Noiseuse si habari ya mtu halisi, na huenda huo ndio uhuru wake. Ina karibu saa nne. Kalamu inakwaruza karatasi kwa dakika nzima nzima; Michel Piccoli anamkunja Emmanuelle Béart kama bawaba, na Béart anaumwa shingo, anakufa ganzi, anakasirika, kisha anaanza kuamua mwenyewe akaeje. Mwili unaotazamwa unakuwa na maoni. Filamu ya maisha ya mtu halisi ingeona aibu kutumia muda huo wote kwenye chumba kimoja, kwa kuwa ina harusi, vita na mazishi ya kuwahi.

Bruno Dumont hakuwa na haraka hiyo. Camille Claudel 1915, aliyoitoa mwaka 2013, inaanza pale filamu ya Adjani ilipoishia. Camille alifungiwa kwenye hospitali ya magonjwa ya akili Machi 1913, na hakutoka mpaka kifo chake mwaka 1943 kwenye hospitali ya Montdevergues, karibu na Avignon: miaka 30. Dumont amechagua siku tatu, za kumsubiri kaka yake Paul aje kumtembelea. Wagonjwa wanaomzunguka Juliette Binoche, ambaye ndiye Camille, ni watu wanaoishi kweli na ulemavu wa akili. Anachemsha viazi vyake mwenyewe kwa kuhofia sumu. Anawatazama wenzake wakifanya mazoezi ya mchezo wa Don Juan, anacheka kwa raha, na ndani ya pumzi hiyohiyo kicheko kinageuka kilio. Anaokota bonge la udongo uani, vidole vinaanza kulikanda kwa mazoea, kisha analitupa. Rodin haonekani hata mara moja. Binoche hana pengo la mwongozaji la kujaza, kwa hiyo uigizaji wake unaonekana mdogo kuliko wa Adjani, na mtazamaji aliyezoea machozi ya filamu za maisha ya wasanii anaweza hata kudhani hajafanya kitu.

Ilishindania Dubu wa Dhahabu wa Berlin, tamasha lilelile lililompa Adjani tuzo mwaka 1989 kwa mwanamke huyohuyo, ikarudi mikono mitupu. Anayetaka kuziona zote mbili aanze na ya Dumont. Akiingia kwenye ile ndefu baadaye, ataushika ule mtaro wa usiku, sanduku na udongo, na hatakuwa na haja kubwa ya Depardieu.